Kila abiria na mashua yake

Waya ulikuwa wa buluu, mita 20 hivi. Ulitoka dirisha la saiba, ghorofa ya kwanza, ukavuka kichochoro cha Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, juu ya vichwa vya wapita njia, ukaingia kwa dirisha la jikoni la nyumba ya arusi, ukapita nyuma ya masufuria ya pilau na kuishia kwenye laptopu iliyowekwa juu ya kreti ya soda. Hiyo ilikuwa 2007. Tulikuwa watatu, na ahadi tuliyotoa ilikuwa kubwa kuliko umri wetu: taarabu itakayopigwa usiku ule itasikika Muscat papo hapo, kwa kaka wa bi arusi aliyekosa ruhusa kazini.

Picha hatukuthubutu hata kuiwaza. Sauti tu. Tulikodi seva ng'ambo, yaani kompyuta ya kugawia wasikilizaji sauti, nafasi 25, maana yake wasikilizaji 25 kwa wakati mmoja na wa 26 hana pa kuingia. Programu ya kurushia sauti ilikuwa SHOUTcast, ya wale wale waliotengeneza Winamp, ile ya kuchezea muziki kwenye kompyuta, nayo ilikuwa ya bure. Sauti tuliibana hadi kilobiti 24 kwa sekunde kwa sababu saiba ilipata intaneti kwa setilaiti, na njia yake ya kupandisha ilikuwa kilobiti 64 kwa kompyuta zote. Ilibidi mwenye saiba afunge mapema. Siku hizo dakika ya saiba ilikuwa shilingi moja, basi hesabu yake haikumsumbua: kompyuta 8 mara dakika 240. Akatuandikia shilingi 1,920 wala hakupunguza hata ndururu.

Tulipochomeka waya wa mikisa ya wapigaji, ukatoka mngurumo kama wa friji kuukuu. Fundi mitambo wa kikundi akatutazama kwa huruma, akasema, "Chomoeni chaja." Tukachomoa, mngurumo ukakatika. Lakini betri ilikuwa na uhai wa dakika 40, kwa hiyo usiku kucha kazi yangu mimi ilikuwa kuchomeka chaja wakati wa vigelegele na kuichomoa muimbaji akishika beti.

Muscat wakapiga simu. Mamake bi arusi akaipokea, wanawake nyuma yake wakapiga vigelegele, na nusu dakika baadaye vigelegele vile vile vikamrudia sikioni kutoka spika za huko. "Mwanangu, mbona na nyinyi mwapiga vigelegele?" Akajibiwa, "Ni nyinyi hao, mama. Mwafika huku mumechelewa."

Hadi hapo tulikuwa mashujaa. Kisha kaka yule, kwa furaha, akawatumia marafiki zake kiungo. Nao wakawatumia wenzao. Kufikia saa nne usiku nafasi 25 zimejaa vijana wa Muscat wasiomjua hata bi arusi, na shangazi wa Toronto, ambaye ndiye hasa aliyekuwa akingojwa, amefungiwa nje. Simu zikageuka za lawama. Katikati ya lawama hizo kaka akapiga tena: "Mama, nitunzie elfu moja, nitakurudishia." Mama akafungua pindo la leso, akatoa noti, akaenda kumtunza muimbaji na kumnong'oneza jina la mwanawe. Muimbaji akalitia jina kwenye ubeti. Nusu dakika baadaye simu ikalipuka kelele za watu wazima waliokuwa kama watoto.

Sisi tulilipwa na mjomba wa bi arusi, yule yule aliyelipia mchele na mbuzi. Kwa wale wasikilizaji 25 hatukupata hata senti, wala hakuna aliyewaza kwamba walistahili kulipa.

Makosa yetu yote ya usiku ule yalikuwa yameshafanywa Dallas miaka 12 kabla, tena kwa pesa nyingi. Mwaka 1995 Mark Cuban na Todd Wagner, waliosoma Chuo Kikuu cha Indiana na wakati huo wakiishi Texas, walitaka kusikia mpira wa kikapu wa chuo chao. Wakaanzisha AudioNet, wakichukua matangazo ya redio za kawaida na kuyatia mtandaoni. Wakati uliwafaa. Aprili ya mwaka huo kampuni ya Rob Glaser, aliyetoka Microsoft, ilikuwa imetoa RealAudio, programu iliyokuwezesha kusikiliza sauti huku ikiwa bado inashuka, badala ya kungoja faili nzima ifike. Tarehe 5 Septemba 1995 mechi ya besiboli ya Seattle Mariners na New York Yankees ikarushwa kwa njia hiyo. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama redio ya masafa ya kati usiku wa mvua, kwa sababu modemu za majumbani zilikuwa za kilobiti 14.4 au 28.8.

Lakini tazama mteja wao alikuwa nani. Mtu wa Dallas hakuwahitaji ili asikie redio ya Dallas. Redio anayo mezani. Aliyewahitaji ni aliyeondoka: mwanafunzi aliyehamia jimbo jingine, mfanyakazi aliye ofisini ambako redio haishiki. Bidhaa ilikuwa ni kukosekana kwako mahali unapopapenda. Sisi watu wa Mombasa, ambao kila nyumba ina mtu Oman, Dubai au Uingereza, tungepaswa kulielewa hilo kabla ya Wamarekani.

Hesabu ya chini yake ndiyo inayoua. Mnara wa redio ni feri ya Likoni: ikishawashwa injini, abiria 100 au 1,000, mafuta ni yale yale. Sauti ya Mvita ilipokuwa ikitangaza kutoka mji huu zama za ukoloni, bili yake ya umeme haikujua ni nyumba ngapi za Kuze zilizofungua redio. Mtandaoni hakuna feri. Kila msikilizaji anaomba nakala yake mwenyewe, na kila nakala inasafiri peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila abiria na mashua yake. Kilobiti zetu 24 kwa watu 25 ni kilobiti 600 kwa sekunde. Lau tungejaribu kuwahudumia moja kwa moja kutoka Kibokoni kwa ile njia ya kilobiti 64, tungebeba watu wawili na kumwacha wa tatu gatini. Ndiyo maana ilitulazimu kupeleka mashua moja tu hadi seva ya ng'ambo, nayo ikazizalisha nyingine huko kwenye njia pana.

Kwa redio, msikilizaji mpya ni faida tupu. Kwa mtandao wa miaka ile, msikilizaji mpya ni bili. Sijui biashara nyingine ambayo mteja akija anakuumiza na asipokuja pia anakuumiza.

Glaser alilijua hilo mapema kuliko wote. Programu ya kusikilizia aliigawa bure. Programu ya seva aliiuza kwa idadi ya wasikilizaji wa wakati mmoja. Hakununua mashua, alisimama gatini akikata tiketi. Wahandisi nao walikuwa na jibu zuri zaidi kwenye karatasi: mtandao wa majaribio ulioitwa Mbone, ambamo nakala moja inatembea njia kuu na kuzaliana inapofika njia panda. Novemba 1994 sehemu ya tamasha la Rolling Stones ilirushwa humo. Hiyo ingekuwa feri yetu. Ila ilitaka kila mwenye kipande cha njia akubali kuipitisha, na hakuna aliyeonyeshwa atalipwaje, kwa hiyo haikuwafikia watu majumbani.

AudioNet ikajiita broadcast.com mwaka 1998, na Julai hiyo ikauza hisa kwa umma kwa dola 18. Jioni ya siku ya kwanza hisa ilikuwa dola 62.75. Aprili 1999 Yahoo ikatangaza kuinunua kwa hisa zake zenye thamani ya dola bilioni 5.7, kampuni ambayo bado ilikuwa ikipata hasara, na miaka michache baadaye huduma zenyewe zikazimwa. Cuban alikuwa ameshazikinga hisa zake za Yahoo dhidi ya kuporomoka, akatoka salama. Watu hupenda kuishia hapo, ama kwa kumsifu ama kwa kuwacheka Yahoo.

Mimi navutiwa na ukurasa usiosomwa wa daftari lao. Hadharani walionekana ni redio na mpira, lakini sehemu kubwa ya mapato yao ilitoka kwa makampuni yaliyowalipa kurusha mikutano ya wenye hisa, uzinduzi wa bidhaa na mafunzo ya wafanyakazi. Hapo mlipaji ni mwenye shughuli. Anajua amealika wangapi, kwa hiyo mashua zinahesabika kabla ya safari, na bei inapangwa juu yake. Penye umati wa bure ndipo palipokuwa na aibu: Februari 1999 walirusha onyesho la mavazi la Victoria's Secret, watu wakafurika kwa maelfu, na wengi wakabisha hodi wasifunguliwe. Shangazi wa Toronto alikuwa na wenzake wengi.

Sasa turudi kwetu. Juni 2009 Rais Kibaki alizindua TEAMS, kebo ya intaneti ya chini ya bahari, pale Fort Jesus, mwendo wa dakika chache kutoka kile kichochoro cha waya wetu wa buluu. Kebo ya SEACOM ikafuata Julai, ya EASSy mwaka uliofuata. Setilaiti, na ile safari yake ya kilomita 36,000 kwenda juu na 36,000 kurudi, ikaachiwa mabaharia na watu wa nyika. Tulipata hata matatizo ya kibandari kwa mambo ya intaneti: Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia Kilindini iliteremsha nanga pasipotakiwa ikaikata TEAMS, na nchi nzima ikajua kwamba kumbe mtandao ni uzi uliolala chini ya bahari yetu.

Bei ya mashua ikashuka, na upande wa mrushaji ikafika sufuri. YouTube, iliyozaliwa 2005 na kununuliwa na Google mwaka uliofuata kwa dola bilioni 1.65, ilikuwa imejitwisha gharama yote ya seva. Facebook ikafungulia watu wote laivu mwaka 2016. Kijana wa Majengo mwenye simu moja anaweza leo kuwarushia watu 10,000 bila kulipia hata nafasi moja, jambo ambalo broadcast.com na mabilioni yake haikuliweza.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanasema tatizo limekwisha. Halikuisha, lilihamia upande wa pili wa kivuko. Abiria ndiye anayelipa mashua sasa, na anailipa kwa bando. Video ya megabiti moja kwa sekunde, ambayo si ya kujivunia, inakula megabaiti 450 kwa saa. Mwenye kibanda Kongowea akifungua laivu yako ameshalipa nauli, kwa kampuni ya simu, pamoja na ushuru wa serikali ndani yake. Ukimwekea geti la pili alipe kiingilio, atakuuliza ile ya kwanza ilikuwa ya nini.

Wakubwa wameliona geti hilo. Netflix ilifunguliwa Kenya Januari 2016, ikajaribu kutuwekea mpango wa bure Septemba 2021, ikauondoa Novemba 2023. iflix, huduma nyingine ya filamu, ilikuja 2017, na mwisho wa 2018 ikauza biashara yake ya Afrika na kuondoka. Walioelewa mambo ni Mdundo wa Nairobi, huduma ya muziki, ambao badala ya kumtiririshia mtu wimbo kila mara walimwacha aushushe mara moja, ausikilize mara mia bila kugusa bando, na wakaenda kuuza vifurushi pamoja na makampuni ya simu yenyewe. Septemba 2020 waliorodheshwa kwenye soko la hisa la Copenhagen. Si biashara ya kuvutia kuisimulia kwenye mkutano wa vijana wenye mawazo mapya, lakini imeheshimu nauli.

Kila miezi michache hunijia kijana na mpango wa "Netflix ya Pwani". Ukurasa wa kwanza huwa na idadi ya wasemaji wa Kiswahili duniani, ukurasa wa pili asilimia moja yao, ukurasa wa tatu pesa. Humuuliza swali moja: nani analipa, na anamlipia nani? Hunijibu "matangazo". Nikimuuliza tangazo la nani, hunitajia kampuni ile ile ya simu. Sina haja ya kuwavunja moyo, lakini siwezi kujifanya sioni.

Ninachokiona mimi ni kwamba mji huu una bidhaa ambayo majukwaa ya bure hayakuumbwa kuiuza, nayo ni mlango uliofungwa.

Nani asiyejua kupamba kwetu, ile sherehe ya arusi ya wanawake peke yao? Ukumbi umejaa wanawake waliovaa wanavyotaka kwa sababu hakuna jicho la nje, na mlangoni amekaa mtu mzima asiyecheka, na kapu la simu. Humo hata bintiye gavana ataacha simu. Sasa huyo mwenye shughuli ndiye mwenye pesa, ndiye mwenye dada Leicester anayelia kwa kukosa, na ndiye ambaye hawezi kabisa kumtia mwanawe YouTube. Anachotaka ni chumba: kamera ishikwe na mwanamke, kiungo kiwe na jina la kila mualikwa, kikitumika kwa simu moja kisifunguke kwa nyingine, na alfajiri kizimwe pasibaki nakala. Kila neno la hilo agizo ni kazi ya kulipwa. Ni ule ule mkutano wa wenye hisa wa Dallas, uliovaa dera.

Kuna ukweli mchungu ambao muuzaji hana budi kuusema mapema: hakuna programu inayoweza kumzuia mtu kuielekeza simu ya pili kwenye kioo cha simu ya kwanza. Unaloweza ni kupitisha jina la mualikwa kwa maandishi hafifu juu ya picha yake, ili ikivuja ijulikane imevujia kwa nani. Kwa mji ambao watu wanaogopa maneno kuliko mahakama, hicho ni kinga kubwa kuliko nywila yoyote. Lakini si kinga kamili, na mwenye kuahidi kinga kamili ataharibu jina lake na la wenzake kwa arusi moja.

Mwaka 2020, wa korona, ulitufundisha jambo juu ya umbali. Maziko yaliwekewa kikomo cha watu 15, na Mei hiyo Mji wa Kale ukafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Mtu wa Bombolulu akawa mbali na Kibokoni sawasawa na mtu wa Muscat. Wapiga video waliokuwa wakiuza albamu na diski wakajifunza kurusha laivu kwa lazima, wengine kwa simu iliyofungwa kwa raba kwenye fimbo ya ufagio, na mlango ulipofunguliwa hawakuisahau ile kazi. Wateja nao hawakuisahau.

Na tuzo? Niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba TikTok watu wanamrushia mtu maua na simba wa kuchora vyenye thamani ya pesa, nilicheka, kwa sababu nilimkumbuka mama na pindo lake la leso. Ni kutunza kule kule. Tofauti ni kwamba jukwaa limesimama katikati na kujikatia fungu nene kabla noti haijafika mkononi. Waundaji wetu wa programu wakitaka kuiga kitu, waige hicho, ila waisome vizuri tuzo yenyewe: hakuna anayenunua wimbo pale, wimbo unasikika hata usipotunza. Anayetunza ananunua kutajwa. Namba ya till, ya kulipia kwa simu, kwenye kona ya kioo haitoshi. Lazima muimbaji apewe jina mkononi, alitie kwenye ubeti, na mtunzaji alisikie. Ukiutatua ule mwanya wa nusu dakika kati ya ukumbi na Muscat, utakuwa umeongeza mapato kuliko ukiongeza ubora wa picha.

Nitaambiwa biashara hii ni ndogo. Ni ndogo kweli. Ramadhani nzima vifaa vimelala, na darsa za msikitini zinazorushwa mwezi huo, jambo la kheri, hazimlipi mtu mafuta ya jenereta. Pia haitapanda bei kutoka dola 18 hadi 62 kwa siku moja. Lakini mrushaji anajua mashua ngapi zinaondoka na nani amezilipia, na hilo waanzilishi wengi wa mwaka 1999 hawakuwahi kulijua hata siku moja.

Wiki jana nilikuwa duka la mpiga video mmoja Majengo, nikingoja picha za pasipoti. Mama mmoja alikuwa akipitia orodha ya bei ya arusi ya bintiye, mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi. Akafika kwenye mstari wa laivu.

"Na hii, mwanangu, yaingia watu wangapi?"

"Mia, mama."

"Mia wa nini? Mimi nina wanne. Muscat mmoja, Leicester mmoja, Toronto mmoja, na mdogo wangu yuko hapo Likoni, mimba ya miezi minane, hapandi feri."

Kijana akaikata ile 100 kwa kalamu, akaandika 4 pembeni, akavuta kikokotoo.